Daftari moja, simu sita: mwongozo kamili wa kufanya nyaraka ya pamoja isipishane hata netiweki ikikatika

Bamvua ikifika huku pwani ya Tanga maji yanakupwa mbali sana, na hizo siku chache ndo akina mama wa mwani wanazitegemea, kwahiyo kazi zote zinaangukia wakati mmoja, kuvuna, kufunga kamba mpya, kupima ule mkavu wa mara iliyopita. Kuna kikundi kimoja niliwatengenezea apu ya daftari la mizani. Mizani miwili, simu sita, katibu yuko banda la kwanza, mhazini banda la pili, wote wanaandika ukurasa mmoja, na netiweki pale inakuja inapotaka. Siku ya kwanza jioni katibu akanipigia, shikamoo yangu akaipokea nusu nusu, akaniuliza "Mwanangu, kilo zangu za asubuhi zimekwenda wapi?"

Nikafungua. Ukurasa wa mhazini upo mzima, wa katibu haupo kabisa. Mistari 31, na kila mstari ni gunia la mtu.

Kilichotokea ni hivi, apu yangu ilikuwa inatuma ukurasa mzima kila mtu akibonyeza kuhifadhi. Simu ya mhazini ilikaa bila netiweki toka saa tatu asubuhi, iliporudi hewani ikapeleka ukurasa wake ambao ndani hauna hata mstari mmoja wa katibu, seva ikaupokea kama ndo mpya, basi ukafunika kila kitu. Seva haikukosea, ilifanya nilichoiambia. Tulikaa mpaka usiku tunarudishia kwa vikaratasi na kumbukumbu za watu, na magunia mawili mpaka leo hatuna hakika nayo. Toka hapo nimelisoma hili jambo na kulijaribu kwa mikono yangu, na ninachokuandikia hapa ndo kile ningependa mtu angeniambia kabla sijaanza. Ni kwa yeyote anayetengeneza apu ambayo watu wengi wanaandika kitu kimoja kwa wakati mmoja, iwe ripoti ya ofisi, iwe orodha ya duka, iwe daftari la vikoba.

Kwanza tuelewane tunatafuta nini

Tukisema nyaraka ya pamoja iko sawa tunataka mambo matatu. La kwanza, kila simu ikishapokea kila kilichoandikwa, zote zionyeshe kitu kile kile, herufi kwa herufi. La pili, sababu itangulie matokeo, yaani kama mimi nimejibu swali lako basi pasitokee simu ya tatu ikaona jibu kabla ya swali. La tatu ndo gumu kuliko yote, nia ya mtu iheshimiwe, aliyetaka kuongeza neno baada ya jina lake alikute baada ya jina lake, hata kama mwenzie alikuwa anaandika aya nzima juu yake wakati huo huo.

Watu wengi wanaishia la kwanza na kusema kazi imekwisha. Simu zote sita zinaweza kukubaliana kwa pamoja kwenye kitu cha kijinga kabisa, utaona huko mbele.

Hatua ya 1: acha kutuma ukurasa, tuma tendo

Badala ya simu kusema "ukurasa wangu sasa uko hivi", iseme "nimeongeza herufi hii hapa" au "nimefuta ile pale". Hilo ndo badiliko kubwa kuliko yote. Ukituma ukurasa, anayefika mwisho anafunika wenzake. Ukituma matendo, matendo ya watu wawili yanaweza kukaa pamoja, na bando linaliwa kidogo sana maana unatuma baiti chache tu badala ya daftari zima kila mara. Kwa watu wanaonunua bando la siku hilo ni jambo la kuangalia.

Sasa shida inahamia kwenye neno moja dogo, "hapa".

Hatua ya 2: jionee mwenyewe namba ya nafasi inavyodanganya

Chukua karatasi kabisa, usisome tu. Kwenye simu zote mbili pameandikwa MWAI, mtu alikosea, ilitakiwa MWANI. Tunahesabu nafasi kuanzia sifuri, M ni 0, W ni 1, A ni 2, I ni 3.

Katibu anarekebisha, simu yake inaandika tendo "weka N nafasi ya 3". Kwake inasomeka MWANI, safi. Sekunde ile ile mhazini, ambaye hajaona hilo, anaongeza neno mwanzoni, tendo lake "weka YA na nafasi wazi kwenye 0". Kwake inasomeka YA MWAI. Kila mmoja yuko sahihi kwa anachokiona.

Matendo yanapishana njiani. La mhazini linafika kwa katibu, linawekwa mwanzoni, inakuwa YA MWANI, vizuri. La katibu linafika kwa mhazini, "weka N nafasi ya 3", na kwa mhazini nafasi ya 3 sasa hivi imekaliwa na M. Inakuwa YA NMWAI. Simu mbili, matendo yale yale mawili, hakuna lililopotea, na nyaraka zimeshatengana. Kuanzia hapo kila tendo jipya litaongeza umbali kati yao, baada ya dakika kumi huwezi tena kujua ipi ndo ya kweli.

Ukilielewa hili kwa karatasi umeelewa nusu ya somo lote, maana kila njia iliyobuniwa ni jibu la swali hili moja, "hapa" ni wapi wakati chini ya miguu yangu mtu mwingine anasogeza vitu?

Hatua ya 3: chagua mojawapo ya njia mbili

Njia ya kwanza inaitwa OT (Operational Transformation, yaani kugeuza matendo). Wazo lake ni kwamba tendo likifika limechelewa, ulirekebishe kabla hujalitumia. Simu ya mhazini inajua kwamba yeye ameshaweka herufi tatu mwanzoni, kwahiyo tendo la katibu la nafasi ya 3 linasogezwa liwe nafasi ya 6, na N inakaa mahali pake, YA MWANI. Wazo hili lilitoka mwaka 1989 kwa Clarence Ellis na Simon Gibbs kule Marekani, kwenye programu yao iliyoitwa GROVE, na miaka michache baadaye watafiti wengine wakagundua kuna mpangilio fulani wa matendo ambapo hesabu yao ya mwanzo inaziacha simu zimetengana. Nakutajia hilo kwa makusudi kabisa. Hesabu ya kusogeza inaonekana rahisi ukiwa na watu wawili, wakifika watatu na kila simu inaongea na mwenzie moja kwa moja, idadi ya mipangilio inakuwa kubwa na kichwa cha binadamu hakiwezi kuishika yote.

Dawa iliyofanya OT itumike duniani ni kuweka seva moja katikati inayopanga foleni. Mfumo wa Jupiter wa Xerox PARC, maabara ya utafiti ya kampuni ya Xerox, mwaka 1995 ulifanya hivyo, na Google Docs inatembea kwenye ukoo huo huo. Seva inasema tendo hili ni namba 104, hili 105, na kila simu inabishana na seva peke yake, haibishani na simu nyingine tano. Simu inatuma furushi moja tu kwa wakati, inasubiri seva iseme nimelipata, wakati inasubiri unachoandika kinarundikwa pembeni kwenye furushi la pili. Kama watu wako muda mwingi wako hewani na seva yako ni imara, njia hii ni nzuri sana na historia yake inasomeka kirahisi.

Njia ya pili ni CRDT (Conflict-free Replicated Data Type, yaani data yenye nakala nyingi zinazoungana bila kugombana), jina hilo lilipewa uzito mwaka 2011 na Marc Shapiro na wenzake, ingawa mfumo wa WOOT wa Ufaransa ulishatumia wazo hilo kwa maandishi toka 2006. Hapa hakuna kusogeza chochote. Unaiondoa namba ya nafasi kabisa na kila herufi unaipa jina lake la kudumu.

Kwa mazingira ya huku, ambako simu inaweza kukaa nusu siku bila netiweki halafu irudi na mistari hamsini, mimi nachagua CRDT bila kusita. OT nayo inaweza kumudu kukatika, lakini ukikaa nje masaa sita inabidi usogeze matendo yako yote kuvuka kila kilichofanywa na wenzako masaa sita, na kila msogeo ni nafasi ya kukosea. Na usijiandikie mwenyewe algoridhimu kwa ajili ya kazi ya watu. Iandike kwa kujifunza, nakushauri kabisa, halafu kwenye apu tumia laibrari, yaani programu iliyokwishaandikwa ya kuchomeka kwenye yako, ambayo imeshajaribiwa na wengi, Yjs au Automerge, zote ni za bure na chanzo chake kiko wazi.

Hatua ya 4: elewa jina la herufi, hata kama laibrari inakufanyia

Fikiria foleni ya maji bombani. Ukimwambia mtu "weka ndoo yako ya nne", akifika wameshaingia wengine wawili mbele, ya nne sio ile uliyoisema. Ukimwambia "weka nyuma ya ndoo nyekundu ya Bi fulani", hata foleni irefuke vipi atapajua. CRDT inafanya hivyo hivyo, kila herufi ina jina lenye sehemu mbili, simu iliyoiandika na namba ya tendo kwenye simu hiyo. Tuseme MWAI iliandikwa na katibu, basi M ni katibu-1, W ni katibu-2, A ni katibu-3, I ni katibu-4. N inayoongezwa ni katibu-5, na tendo lake linasema "nakaa nyuma ya katibu-3". Mhazini akiweka YA na nafasi yake wazi, hizo ni mhazini-1, mhazini-2, mhazini-3, zimekaa mwanzoni. Sasa tendo la katibu lifike saa yoyote, limetangulia au limechelewa, N itamtafuta katibu-3 na kukaa nyuma yake. Hakuna hesabu.

Na mtu akiondoka kwenye foleni? Bombani ndoo yake inabaki imeshika nafasi. Hapa vilevile, herufi ikifutwa haiondoki kweli, inawekwa alama ya kufutwa na haionyeshwi, lakini jina lake linabaki ili kama kuna tendo liko njiani linasema "nakaa nyuma ya katibu-3" lisikose pa kushika. Watu wakisikia hivi wanaogopa nyaraka itavimba. Inavimba kweli kidogo, ila Yjs kwa kawaida inatupa maandishi yenyewe ya kilichofutwa na kubakiza kijina kidogo tu, na herufi zilizoandikwa kwa mfululizo inazifunga pamoja kama kitu kimoja. Kumbuka tu kwamba ukitaka kuonyesha matoleo ya zamani ya nyaraka inabidi uizime hiyo tabia ya kutupa, na hapo ukubali kuvimba.

Wakiweka wawili nyuma ya herufi moja kwa wakati mmoja, inabidi pawe na kanuni ya kuamua nani atangulie, na kanuni hiyo itoe jibu lile lile kwenye kila simu. Kwa kawaida wanalinganisha namba za simu zenyewe, yaani kitambulisho ambacho programu imejipa. Haijalishi nani anatangulia, ilimradi wote wanakubaliana.

Kutokana na hilo kuna kosa moja linalouma sana. Kitambulisho kisirudiwe kamwe. Niliwahi kukihifadhi kwenye simu ili kila mtu awe na kitambulisho kimoja siku zote, nikaona ndo nadhifu, mtu mmoja akafungua daftari kwenye madirisha mawili ya brauza, madirisha yote yakawa yanatoa katibu-58 mbili tofauti. Mfumo mzima unasimama juu ya ahadi kwamba jina moja ni kitu kimoja. Yjs yenyewe inachagua kitambulisho kipya kwa kubahatisha kila inapofunguliwa, iache ifanye hivyo, na jina la mtu aliyeandika lihifadhi sehemu nyingine.

Hatua ya 5: namba sio maandishi

Hapa ndo pa kukaa sana maana hapa ndo hela za watu zilipo.

Gunia limeandikwa kilo 40. Katibu anaona mizani inasema 45, anafuta 0 anaandika 5. Mhazini kwa upande wake anaona 48, anafuta 0 anaandika 8. Matendo yanapishana, CRDT inafanya kazi yake vizuri kabisa: 0 imefutwa, 5 ipo, 8 ipo, zote nyuma ya 4. Simu sita zote zinaonyesha kilo 458. Zimekubaliana. Hakuna simu inayotofautiana na nyingine, hakuna tahadhari yoyote imetokea, na kuna mtu ana gunia la kilo 458.

Kwahiyo kabla hujaandika mstari wowote wa programu, kaa na wenye kazi uwaulize kila kitu kwenye daftari ni kitu cha aina gani. Maelezo, barua, muhtasari wa kikao, hayo ni maandishi, herufi kwa herufi inafaa, kwenye Yjs ni Y.Text. Kilo, bei, tarehe, jina la mwenye gunia, hivyo ni visanduku, kinabadilishwa kizima au hakibadilishwi, tumia Y.Map. Hapo 45 na 48 haziwezi kuchanganyika, moja itashinda kwenye simu zote.

Lakini kushinda kimya kimya nako sikupendi kwenye hela. Figma, wenye apu ya kuchora michoro kwa pamoja, walieleza mwaka 2019 kwamba kwao kila sifa ya mchoro inachukua thamani ya mwisho iliyofika kwenye seva, na kwa rangi ya duara hiyo inatosha kabisa, aliyeona rangi sio aliyoitaka ataibadilisha. Kilo zilizopotea kimya hakuna atakayeziona. Automerge inakutunzia thamani zote mbili zilizogongana, unaweza kuzisoma na kumwonyesha mtu: katibu kasema 45, mhazini kasema 48, pimeni tena. Ukiwa na Yjs unaweza kufika hapo hapo kwa kuandika kila upimaji kama mstari mpya na kutokugusa ule wa zamani. Mimi hiyo ndo njia niliyoichagua, haibadilishwi namba, unaongezwa mstari wa masahihisho wenye jina la aliyesahihisha. Wahasibu wamekuwa wakifanya hivyo kwa kalamu miaka yote.

Jumla usiihifadhi kabisa. Simu mbili zikijumlisha kila moja na kuandika jumla yake, moja itafunika nyingine na itakuwa imekosa magunia ya upande wa pili. Hifadhi mistari, jumla ipigwe kila ukurasa unapofunguliwa.

Kufuta mstari nako angalia. Katibu anafuta mstari wakati mhazini anaurekebisha, kwenye Yjs kufuta kunashinda na marekebisho ya mhazini yanakwenda nao. Usifute, weka kisanduku cha "umeondolewa na" na uuchore mstari juu yake kwenye skrini.

Na kuna hili limenipotezea siku tatu: apu inafunguka mara ya kwanza, inakuta nyaraka tupu, inajiandikia kichwa cha habari na safu za mwanzo. Simu mbili zimefunguka zikiwa nje ya hewani, kila moja imejiandikia, zikikutana unapata vichwa viwili, au mbaya zaidi kila moja imetengeneza Y.Map mpya chini ya jina moja, na hapo moja inatupwa nzima na kila kilichoandikwa ndani yake. Nyaraka ianzishwe na mmoja tu, seva au aliyeiunda, wengine wasubiri wapokee mwanzo ndipo waandike.

Hatua ya 6: hifadhi kwenye simu kwanza, halafu kabidhianeni

Tendo liandikwe kwenye hifadhi ya simu papo hapo kabla hata ya kufikiria kutuma. Kwenye brauza kuna y-indexeddb inafanya hivyo. Betri ikizima katikati, kazi ipo.

Netiweki ikirudi simu isitume kila kitu. Kila simu inatunza orodha fupi, ya katibu nimeona mpaka 57, ya mhazini mpaka 32. Zikikutana zinabadilishana orodha hizo kwanza, seva ikiwa na ya mhazini mpaka 40 inatuma 33 mpaka 40 tu. Kwa Yjs hiyo ndo inaitwa state vector, na kazi yote ni mistari michache. Tendo likifika mara mbili kwa sababu netiweki ilikatika kabla ya kuthibitishwa, halina madhara, jina lake lipo tayari, linaachwa. Likifika limetangulia, yaani linasema nakaa nyuma ya herufi ambayo bado haijafika, linawekwa pembeni lisubiri. Kwahiyo tuma tena na tena bila woga mpaka upate uthibitisho.

Kwenye seva hifadhi matendo kwa kuyaongeza mwishoni, na kila baada ya muda piga picha ya nyaraka nzima, yaani hifadhi nakala kamili ya ilivyo wakati huo, ili kufungua kusichukue muda. Picha mpya ikishathibitika inafunguka ndo ufute matendo ya zamani, usifanye kinyume. Na bakapu iwe nje ya hiyo seva, maana CRDT inasambaza makosa kwa uaminifu ule ule inaosambazia kazi, mtu akifuta kila kitu kimefutwa kwenye simu zote sita.

Hatua ya 7: usiiamini saa ya simu

Simu zetu zina saa za kila aina, nyingine mtu kaisogeza mwenyewe, nyingine betri ilikufa ikarudi miaka ya nyuma. Ukiamua mshindi kwa saa, simu iliyo mbele nusu saa itashinda siku nzima. Mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport alishaonyesha mwaka 1978 kwamba huhitaji saa ya ukutani kujua kipi kimetangulia, unahitaji kihesabio: kila ukifanya tendo ongeza moja, ukipokea tendo lenye namba kubwa kuliko yako ruka hadi hapo kisha endelea. Laibrari nazo zinatumia vihesabio ndani yake, sio saa ya simu. Saa ya simu iweke kwa ajili ya binadamu kusoma tu.

Hatua ya 8: vitu vidogo vinavyoonekana

Kursa, yaani kile kijistari kinachoonyesha unapoandika, isihifadhiwe kama namba, itaruka kila mwenzio akiandika juu yako, ifunge kwenye jina la herufi. Kursa za wenzako na "fulani anaandika" visiingie kwenye nyaraka, ni vitu vya kupita, Yjs imeviwekea mlango wake. Kitufe cha kurudisha nyuma (undo) kiondoe tu alichokifanya mtu mwenyewe, hakuna kitu kinachovunja moyo kama kubonyeza kurudisha na kuona sentensi ya mwenzako inapotea. Na emoji: kwenye JavaScript nyingi zinahesabika kama mbili au zaidi, ukikata katikati unapata kisanduku tupu, kwahiyo kata kwa kipimo cha herufi anayoiona mtu.

Ruhusa nazo, kwa kifupi. Kila tendo lipite seva na seva iangalie kama huyu ana haki ya kuandika hapa. Ikikataa simu lazima iambiwe ili ijisafishe, vinginevyo yeye peke yake ataendelea kuona mstari ambao wengine hawana.

Hatua ya 9: livunje kwa makusudi kabla halijavunjika lenyewe

Andika testi inayotengeneza nyaraka tatu ndani ya kompyuta yako, izifanyie matendo elfu moja ya kubahatisha, kuongeza, kufuta, kuongeza katikati ya kilichofutwa, halafu iyapeleke kwa mpangilio uliovurugwa, mengine mara mbili, mengine kwa kuchelewa sana. Mwisho linganisha tatu hizo. Iache izunguke usiku kucha na uhifadhi namba ya mbegu, yaani ile namba inayoanzisha kubahatisha, ikishindwa saa nane za usiku uweze kurudia tukio lile lile asubuhi.

Halafu toka ofisini. Mimi nachukua simu mbili za bei ya chini nakaa mezani Ngamiani, hapa Tanga mjini, zote kwenye hali ya ndegeni, naandika dakika kumi kwenye kila moja vitu vinavyogongana makusudi, mstari ule ule, kisanduku kile kile. Nawasha ya kwanza, nasubiri, naizima kabisa ikiwa katikati ya kutuma, nawasha ya pili, halafu narudisha ya kwanza. Fanya na mtu ambaye hajui apu yako, mpe simu moja umwambie aandike anavyotaka, atafanya vitu ambavyo wewe usingefikiria.

Hatua ya 10: wape wenye kazi njia ya kuhakikisha wenyewe

Chini ya ukurasa niliweka herufi nne, zinatokana na kuchukua mistari yote kama watu wanavyoiona, kuipanga kwa namba ya gunia, kisha kuipiga hashi (hesabu inayogeuza maandishi yote kuwa alama fupi) na kuonyesha mwanzo wake. Piga hashi ya yaliyomo yenyewe na usitumie baiti za laibrari, maana simu mbili zenye nyaraka moja zinaweza kuzifunga baiti kwa namna tofauti. Mstari mmoja ukitofautiana, karibu siku zote herufi zinabadilika. Na pembeni yake kuna idadi ya matendo ambayo bado hayajathibitishwa na seva, kwa sababu simu mbili zinaweza kulingana wakati ya tatu imekaa na mistari yake mfukoni kwa mtu.

Sasa hivi bamvua ikiisha jioni wanakaa kwenye mkeka bandani, katibu anasoma herufi zake nne kwa sauti, na simu zote tano zilizobaki zinasoma moja moja. Juzi ya binti mmoja haikulingana, kumbe bando lake lilikwisha mchana na alikuwa na magunia saba hayajatoka, wakamwashia hotspoti, wakasubiri, wakasoma tena kuanzia mwanzo. Zilipolingana zote sita ndo mhazini akafungua mkoba wa hela.